Kijiji Kinahesabiwa Mara Nne, Hakijui Watu Wake

Ingia katika ofisi ya kijiji popote kati ya Kilolo na Tukuyu, uulize kijiji hicho kina watu wangapi. Mtendaji aliye mkweli atakuuliza kwanza: kwa hesabu ipi? Kuna hesabu ya sensa, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya manila ukutani. Kuna orodha ya wapiga kura iliyobaki kutoka uchaguzi wa serikali za mitaa. Kuna daftari la wakulima wa mbolea ya ruzuku. Halafu kuna daftari la wakazi, ambalo mara nyingi liko chini kabisa ya kabati, limeliwa na panya pembeni, na jina la mwisho liliingizwa miaka mingi iliyopita.

Hesabu hizo nne hazilingani, na hazikukusudiwa kulingana, kwa kuwa kila moja inahesabu kitu chake. Tatizo ni kwamba ile ya nne, iliyo mali ya kijiji chenyewe, ndiyo iliyoachwa ife, wakati karibu kila uamuzi mzito wa kijiji unaitegemea.

Tuanze na sensa, maana ndiyo inayoaminiwa kuliko zote. Sensa ya 2022 ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kwa taifa zima utaratibu huo ni sahihi, hakuna anayehesabiwa mara mbili. Kwa kijiji kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, Agosti ina mambo yake. Mahindi yameshavunwa. Kahawa ya Mbozi bado inachumwa, na wachumaji wamelala huko. Vijana wa milimani wako kwenye kambi za mbao za Mufindi au wameshuka Usangu, bonde la mpunga la Mbarali, kutafuta kibarua. Wafanyabiashara wa Kikinga, watu wa Makete, wametawanyika Mbeya, Makambako na Dar es Salaam. Kwa hiyo kijiji cha Makete kinahesabiwa wakati kimepungua watu, na kijiji cha Mbozi kinahesabiwa wakati kimejaa wageni. Ukiitumia namba hiyo kupanga madawati ya Januari, utakosea pande zote mbili.

Kupungua huko si kwa msimu peke yake. Wilaya ya Makete ilikuwa na watu zaidi ya 105,000 katika sensa ya 2002. Sensa ya 2012 ikaikuta na 97,266. Ni jambo adimu katika nchi ambayo idadi yake inapanda kila sensa, kutoka 44,928,923 mwaka 2012 hadi 61,741,120 mwaka 2022. Upande wa pili wa milima, Mbarali yenye mpunga na malisho iliandika watu 300,517 mwaka 2012, na sensa iliyofuata ikaikuta imevuka 400,000. Anayetawala kijiji cha Makete na anayetawala kijiji cha Usangu wana sheria moja na vitabu vya aina moja, lakini kazi zao hazifanani. Wa kwanza ana nyumba zilizofungwa kwa kufuli na wazee wanaolea wajukuu. Wa pili ana watu wapya kila msimu, na kila mmoja anataka kipande cha ardhi.

Orodha ya wapiga kura nayo ina makusudi yake. Ile ya serikali za mitaa huandikwa upya kila uchaguzi, tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linalosimamiwa na Tume ya Uchaguzi. Kwa uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024, uandikishaji ulifanyika tarehe 11 hadi 20 Oktoba, siku kumi tu. Inamhusu mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, basi. Mtoto hayumo, aliyesafiri siku hizo kumi hayumo, na aliyerudi kijijini Desemba hayumo. Daftari la wakulima ndilo linalopotosha zaidi likitumiwa kama hesabu ya watu. Mbolea inafuata shamba, kwa hiyo mwalimu wa Mafinga mjini mwenye ekari tatu kijijini anaandikishwa pale, na mjane anayelima kwa kukodi anaweza asiandikwe kabisa kwa sababu mwenye shamba ndiye aliyejitokeza.

Lakini vijiji vyetu vilizaliwa na hesabu. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250 ndipo kiandikishwe. Baada ya hapo, kodi ya kichwa, iliyokuja kuitwa kodi ya maendeleo, ndiyo iliyokuwa ikilifungua daftari kila mwaka. Mtendaji alimjua kila mwanamume wa kijiji kwa sababu alimdai. Kodi hiyo ilifutwa 2003, na ilistahili kufutwa, maana ilikuwa imegeuka kuwa msako wa kuamkia asubuhi. Kwa maoni yangu hapo ndipo daftari la wakazi lilipopoteza mwenyewe. Sababu pekee ambayo ofisi ilikuwa nayo ya kuwajua watu ilikuwa kuwatoza, na ilipoondoka hakuna aliyeweka nyingine mahali pake. Kumbukumbu ya msako bado ipo: mzee wa miaka 60 akiona kijana na kaunta buku mlangoni, swali lake la kwanza ni mchango gani tena.

Gharama ya kutojua inaonekana kwanza kwenye maji. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kipimo cha kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250, kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na lita 25 kwa mtu kwa siku. Chukua mfano wa kijiji ambacho sensa inasema kina watu 2,400 lakini waliopo kweli ni 3,100. Kwa namba ya kwanza, mhandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, atapanga vituo 10 na lita 60,000 kwa siku. Kwa namba ya pili vinahitajika vituo 13 na lita 77,500. Katika mradi wa mserereko, wa maji yanayoshuka yenyewe bila pampu, ambao ndio mwingi huku milimani, tofauti hiyo ni kipenyo cha bomba kuu na ukubwa wa tenki, vitu visivyobadilishwa baada ya mtaro kufukiwa. Mhandisi pia huongeza makadirio ya miaka ijayo juu ya namba aliyopewa, kwa hiyo kosa la mwanzo linakua pamoja na makadirio. Kitongoji cha mwisho wa bomba kitapata maji usiku tu, kisha watu watasema fundi aliiba.

Shuleni ni hivyo hivyo. Kipimo cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25, hakina faida kama mwalimu mkuu anaijua idadi ya darasa la kwanza siku ya kufungua shule tu, si kabla. Daftari lenye mwaka wa kuzaliwa wa kila mtoto lingemwambia miaka mitano kabla.

Eneo lenye uzito kuliko yote ni ardhi, na hapa nataka kukaa kidogo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inamtambua mwanakijiji kuwa ni mtu anayeishi kijijini kwa kawaida, au anayetambuliwa hivyo na halmashauri ya kijiji. Soma tena sehemu ya pili. Halmashauri ya kijiji, yaani watu 15 hadi 25, ina uwezo wa kumfanya mtu kuwa mwanakijiji kwa kumtambua. Sheria ilihitaji mlango huo, kwa sababu watu huoa, huolewa, hurudi na huhamia. Lakini kutambuliwa huko kunaandikwa wapi? Pasipo daftari, kunaandikwa katika muhtasari wa siku moja, na muhtasari unaweza kuandikwa siku yoyote. Katika maeneo ya Mufindi, Kilolo na Njombe ambako ardhi ya kupanda misonobari na milingoti imekuwa ikitafutwa na watu wa mijini, mlango huo ndio unaopitiwa. Mtu wa mjini anatambuliwa Jumatatu, anagawiwa ekari 40 Jumatano, na kitongoji husika kinajua pale trekta linapofika.

Sheria iliweka kizuizi: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kizuizi hicho ni imara kwa kiasi kile kile ambacho mahudhurio yake yanaweza kuhakikiwa. Huwezi kusema mkutano umetimia kama hujui wanaostahili kuhudhuria ni wangapi. Huwezi kukataa karatasi ya mahudhurio yenye sahihi 180 kama huna orodha ya kuilinganisha nayo. Migogoro mingi inayofika wilayani ina karatasi za namna hii: majina ya marehemu, majina ya watu wa kijiji jirani, mwandiko mmoja kwenye sahihi 30 mfululizo. Mwanasheria wa halmashauri anaweza kushuku, ila kushuku si ushahidi. Daftari lililosomwa mbele ya watu mwezi mmoja kabla ya mkutano lingekuwa ushahidi.

Mbozi, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijaanzishwa 2016, ilikuwa ya mwanzo kabisa kufanyiwa majaribio ya hati za hakimiliki ya kimila. Hati hizo hukwama kwenye majina kuliko kwenye mipaka. Mwanamke anaitwa mama fulani kijijini kote, kadi ya mpiga kura ina jina la ubatizo na la mume, na kitambulisho cha taifa kina jina la baba yake. Mume akifariki, shemeji anauliza huyu aliye kwenye hati ni nani. Safu moja ya daftari yenye jina analojulikana nalo na safu nyingine yenye jina la kitambulisho na namba yake ingelimaliza swali hilo kabla halijafika Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo wajumbe wake ni saba tu na kazi yake ni kusuluhisha.

Kuna jingine ambalo mikoa hii inalijua kuliko mingine. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Ukimwi ulibadilisha umbo la kaya huku miaka mingi kabla ya utafiti huo. Bibi wa miaka 70 na wajukuu saba ni kaya ya kawaida, wala si ya ajabu. Sasa tazama mipango inavyoikuta. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipanga shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Bibi yule alikuwa na watu wanane. Michango ya kijiji hutozwa kwa mtu mwenye nguvu au kwa kaya. Mkutano ukitoza kwa kaya, bibi analipa sawa na kaya yenye vijana watatu wa mbao. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unategemea kaya zitajwe mkutanoni, na anayetajwa ni yule anayekumbukwa siku hiyo. Daftari halitafanya watu wawe na huruma, ila litazuia kaya kusahauliwa kwa sababu haikuwa na mtu wa kusimama.

Kazi yenyewe haihitaji mradi wala kompyuta. Inahitaji kaunta buku moja nene kwa kila kitongoji, ukurasa mmoja kwa kila kaya, na kila kaya kupewa namba isiyobadilika hata mkuu wake akifa. Kama operesheni ya anwani za makazi ya 2022 iliacha kibao mlangoni, namba hiyo iandikwe pia. Juu ya ukurasa: jina la mkuu wa kaya, tarehe, mipaka kwa maneno, yaani juu ya nani, chini ya mto gani. Chini yake mistari ya watu: majina yote mawili, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, uhusiano na mkuu wa kaya, elimu, kazi, namba ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa kipo au hakipo. Mistari mitano iachwe wazi kwa watakaozaliwa au kuolewa pale. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa na ndiyo inayosahauliwa: yupo, yuko nje kwa muda, au amehama, pamoja na mwezi. Napendekeza aliyetoka kwa chini ya miezi sita abaki kwenye kaya yake, na aliyezidisha aandikwe amehama mpaka arudi. Bila kanuni hiyo kila mama atamwandikisha mwanawe aliyeko Dar es Salaam tangu zamani, maana kumfuta ni kama kumtabiria mabaya.

Hali ya afya isiandikwe, wala chama cha mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu kijiji pia, na kaunta buku lenye siri za watu likipotea kwenye pikipiki haliokotwi na mtu mmoja.

Kitongoji chenye kaya 80 kinamalizika kwa wiki moja: watu wawili, kaya 12 kwa siku, dakika 20 kila mlango. Ifanyike Juni au Julai, mahindi yanapokuwa yamekauka na baridi imewaweka watu karibu na moto. Kwenda Januari ni kupoteza muda, kila mtu yuko kwenye palizi na njia za milimani hazipitiki. Kosa la kawaida ni kuita watu ofisini waje kuandikwa. Wanaokuja ni walio karibu na wenye nguvu, na kaya zilizo mbali na barabara, ambazo ndizo zilizotakiwa kujulikana, zinakosekana. Kosa la pili ni kumuuliza mume peke yake. Huwa hajui mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wa tatu. Muulize mama, kisha omba kadi ya kliniki.

Nani aandike? Wengi watasema balozi wa nyumba kumi, na ni kweli anawajua watu wake kuliko yeyote. Awaoneshe njia waandishi, awatambulishe, lakini daftari lisikae kwake. Balozi ni ngazi ya chama, na mkazi asiye wa chama hicho ana haki ya kuandikwa bila kupita mlango huo. Mahali pake ni kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye huchaguliwa na wakazi wote, na nakala kwa mtendaji wa kijiji. Wenyeviti hao hawana mshahara, na kuwapa kazi nyingine ya bure ndiko kulikoua madaftari yaliyotangulia. Fedha ambazo halmashauri ya wilaya hutakiwa kurejesha vijijini kutoka mapato yake ya ndani zianze na posho hii, hata ikiwa ndogo, ilipwe baada ya daftari kukaguliwa na siyo kabla.

Kulianzisha ni rahisi kuliko kulilisha. Vizazi vina njia nzuri: usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanza Mbeya 2013 na kufika Iringa na Njombe baadaye, unatoa cheti bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Mwenyekiti wa kitongoji aombe mama aje na cheti hicho, aandike namba, basi. Vifo ndivyo vinavyopotea. Huku mtu hufariki usiku akazikwa kesho yake, na ofisi haina habari. Lakini mwenyekiti wa kitongoji huwa msibani, ndiye mara nyingi anayeshika karatasi ya rambirambi. Aandike jina na tarehe jioni ile ile, kwa kalamu nyekundu, bila kufuta mstari wa marehemu, kwa sababu mirathi itauliza. Wahamiaji wapya waandikwe wakiwa na barua ya utambulisho ya walikotoka, na hapa ndipo halmashauri ya kijiji, inayotakiwa kukaa kila mwezi, ipitishe majina yao moja moja, lisiwe fungu la "na wengineo".

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Ajenda ya pili, baada ya kufungua, iwe daftari: walikuwa wangapi, wamezaliwa wangapi, wamefariki, wamehama, wamehamia, sasa ni wangapi. Inachukua dakika kumi. Jina lisilojulikana na mtu yeyote likisomwa, watu watanong'ona, na mnong'ono huo ni ukaguzi ambao hakuna mkaguzi wa wilaya anayeweza kuufanya. Namba ya watu wazima iliyotangazwa hapo ndiyo itumike kupimia akidi ya siku hiyo, na iandikwe juu ya karatasi ya mahudhurio kabla sahihi ya kwanza haijawekwa.

Kijiji kinapoomba kugawanywa, madaftari ya vitongoji yatagawanyika kwa urahisi zaidi kuliko kitu kingine chochote, maana kila kitongoji kina lake. Shule na zahanati havigawanyiki, na cheti cha ardhi ya kijiji hubaki kwa jina la zamani hadi mipaka ipimwe upya. Vijiji vilivyogawanywa bila orodha ya kaya hubishania kaya za mpakani miaka mingi, kila upande ukizidai wakati wa michango na kuzikana wakati wa ruzuku.

Na watendaji huhamishwa. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, leo yuko hapa, mwakani yuko kata nyingine, na akiondoka na ufunguo wa kabati kijiji kinaanza upya. Hati ya makabidhiano huwa na muhuri, vitabu vya stakabadhi na ramani. Madaftari ya wakazi yaongezwe humo, kwa idadi ya vitabu na ukurasa wa mwisho ulioandikwa katika kila kimoja, yasainiwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji wote kabla gari la kuhamisha vyombo halijapakiwa.